Kivuli cha Nyama, Kivuli cha Moyo

Rowshan Ara na mdogo wake Nilufa walifanya kazi katika nyumba moja ya hariri mjini Rajshahi. Kila mmoja alikuwa na karai lake la maji ya moto. Ndani ya maji vilielea vifuko vya viwavi wa hariri. Walitafuta ncha ya uzi wa kila kifuko, wakaunganisha nyuzi kadhaa pamoja, kisha wakazivuta hadi kwenye gurudumu. Vidole vyao vilikunjamana kama vya mtu aliyefua nguo siku nzima. Harufu ya viwavi waliochemka haikutoka kwenye nguo zao hata wafue namna gani.

Rowshan Ara alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikuwa mnene, mwenye sauti kubwa na mzaha mwingi. Wenzake walimtania kwamba benchi lake litavunjika. Yeye aliwajibu bila kuinua macho.

"Mwili huu umejengwa kwa wali wa mume wangu. Ninyi waume zenu wanawalisha nini? Upepo?"

Mume wake, Mofazzal, alikuwa fundi wa riksho. Alinyoosha magurudumu yaliyopinda na kubadilisha minyororo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Asubuhi walikula pamoja mkate wa choroko nyeusi na pilipili ya kusaga. Rowshan Ara alizungumza, Mofazzal akasikiliza.

Mvua zilipoanza mwaka ule, Rowshan Ara alianza kuchoka upesi. Akibeba ndoo ya maji, alisimama mara mbili njiani. Taya lilimuuma, na bega la kushoto pia. Alidhani ni jino. Alinunua vidonge vya meno, na baadaye vidonge vya gesi. Maumivu yalikuja akitembea na yakaondoka akikaa.

Jirani yao wa ukuta mmoja aliitwa Shibani Kundu. Alikuwa Mhindu, nao walikuwa Waislamu, lakini walikuwa wamezoeana miaka kumi na nane. Kwenye sikukuu zake aliwaletea vitamu vya nazi. Siku ya Idi wao walimpelekea tambi za maziwa. Wote walimwita Didi, yaani dada mkubwa. Shibani alifanya kazi hospitali, katika chumba cha kamera ya mionzi. Ndiye aliyewalaza wagonjwa mezani na kuwapiga picha za moyo na mifupa.

Shibani aliposikia habari ya taya na bega, hakupenda. Alimwambia Rowshan Ara kwamba si kila ugonjwa wa moyo unauma kifuani, na kwamba wanawake wengi huusikia tayani, mgongoni au kwenye mkono. Alimhimiza mpaka akaenda kwa daktari wa moyo. Daktari akaandika apigwe picha kwa kamera ya mionzi.

Picha ikapigwa. Baada ya siku mbili ripoti ikaja, imeandikwa kwa Kiingereza. Jioni Shibani aliisoma barazani kwao. Mofazzal alikuwa amesimama, mikono yake imejaa grisi. Rowshan Ara alikuwa akimenya viazi.

Shibani aliwaambia kwamba kivuli kimeonekana upande wa mbele wa moyo, lakini ni kivuli cha titi tu. Wanawake wenye kifua kikubwa huonekana hivyo. Hakuna kitu.

Rowshan Ara alicheka. "Kwa hiyo moyo wangu ni mzima, ila umejificha nyuma ya mlima."

Wote wakacheka, hata Mofazzal. Ripoti ikawekwa kwenye sanduku la bati, chini ya shali za baridi.

Miezi minne ilipita. Taya liliendelea kuuma, lakini Rowshan Ara hakulitaja tena. Alikuwa ameambiwa ni mzima. Kulalamika kungekuwa uvivu.

Asubuhi moja ya baridi, yeye na Nilufa walikaa kwenye makarai yao kama kawaida. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka uani. Rowshan Ara alikuwa akisimulia jambo la harusi fulani. Akanyamaza katikati ya neno. Nilufa alisubiri amalizie. Alipogeuka, alimwona dada yake ameegemea ukuta, macho wazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya maji ya moto, na hakuutoa. Hapo ndipo Nilufa alipojua.

Walimzika siku ileile baada ya sala ya adhuhuri.

* * *

Mwaka mmoja na kidogo ukapita. Nilufa alikuwa na miaka arobaini na moja. Alikuwa mjane, akiishi na mama mkwe wake uchochoro wa pili. Hakuwa mnene kama dada yake, lakini kifua chao kilikuwa cha namna moja.

Siku moja akiwa amebeba gunia la vifuko, alisikia kitu kimembana bega la kushoto. Akaketi, kikaachia. Kesho yake kikarudi. Hakumwambia mtu. Lakini wanawake wa nyumba ya hariri walikuwa na macho, na habari ikamfikia Mofazzal. Mofazzal akaenda kwa mama mkwe wa Nilufa akamwomba amruhusu aende hospitali.

Yule mama alijibu kwa uchungu kwamba hospitali ndiyo iliyomwambia Rowshan Ara ni mzima. Nilufa mwenyewe alisema hivyohivyo. Alisema mashine ile haiwezi kuona kitu nyuma ya matiti, na yeye matiti yake hawezi kuyaacha nyumbani.

Mofazzal akaenda kumwita Shibani.

Tangu msiba, Shibani alikuwa akiwaepuka. Vitamu vya nazi alileta, lakini aliviacha mlangoni akaondoka. Siku hiyo alikuja, akaketi kwenye mkeka kwa Mofazzal. Nilufa alikuwapo, pamoja na mama mkwe wake. Shibani hakugusa maji aliyopewa. Alimwomba Mofazzal alete ripoti ya marehemu.

Karatasi ikaletwa. Shibani aliisoma polepole, neno kwa neno, akiitafsiri.

"Kuna kivuli upande wa mbele wa moyo. Huenda kinatokana na titi. Kamera hii haina njia ya kuhakikisha. Maumivu yakiendelea, mgonjwa arudi kwa uchunguzi mwingine."

Akaiweka karatasi chini.

"Siku ile niliwaambia ni titi tu," akasema. "Sikuwaambia huenda. Wala sikuwaambia arudi."

Mofazzal aliitazama karatasi ambayo hakuweza kuisoma.

"Kwa nini, Didi?"

"Nilikuwa nimeona vivuli vya titi vingi sana. Nikadhani na hiki ni kimojawapo. Tena nilitaka mlale usingizi. Daktari aliandika neno moja dogo, mimi nikaliruka."

Mofazzal aliinuka akatoka nje. Walisikia nyundo ikigonga gurudumu, pigo moja, kisha kimya, kisha pigo jingine.

Mama mkwe wa Nilufa alimwambia Shibani maneno makali ambayo hayana haja ya kurudiwa hapa. Shibani aliyasikiliza yote, hakujitetea. Yalipokwisha, Nilufa akamuuliza jambo moja.

"Umekuja kutubu, au umekuja kunipeleka kwenye mashine ileile?"

"Mashine ile imeondolewa," Shibani akajibu. "Ililetwa nyingine miezi mitatu baada ya msiba. Nipe nafasi nikuonyeshe inavyofanya kazi. Ukikataa baada ya hapo, sitakusumbua."

Kitandani palikuwa na kantha, lile blanketi la nguo kuukuu zilizoshonwa pamoja. Shibani alilichukua. Akawasha taa ya simu yake, akaiweka nyuma ya pembe moja ya kantha.

"Eksirei unaijua," akasema. "Mwanga unatoka kwenye mashine, unapita mwilini. Hii yetu ni kinyume. Tunakudunga dawa yenye mionzi kidogo. Damu inaipeleka kwenye nyama ya moyo. Basi moyo wako ndio unakuwa taa. Kamera haitoi mwanga. Inazunguka kifua chako na kuhesabu mwanga unaotoka ndani."

Nilufa aliutazama mwanga uliopenya kwenye nguo.

"Pale damu inapofika vizuri, panang'aa. Pale mshipa ulipoziba, damu haifiki, panakuwa giza. Sasa tazama."

Akalikunja kantha mara mbili, kisha mara nne. Mwanga ukafifia, ukawa kama umezimika.

"Je, taa imezimika, au nguo ni nene?"

"Nguo ni nene," Nilufa akasema.

"Umejuaje?"

"Nimekuona ukikunja."

"Basi. Kamera ya zamani haikuona mtu akikunja. Iliona giza tu. Nyama ya titi inameza mwanga unaotoka upande wa mbele wa moyo. Kwa mwanaume mwenye tumbo kubwa, tumbo linameza wa upande wa chini. Daktari alibaki kukisia. Mara nyingi alipata. Mara nyingine..."

Akaeleza kwamba kamera mpya ina kitu cha pili ndani yake. Baada ya kupiga picha ya mwanga wa moyo, inapiga eksirei nyepesi ya kifua chote. Eksirei hiyo si ya kutafuta ugonjwa. Ni ya kupima nguo, yaani kujua nyama ina unene gani, wapi pana mfupa, wapi pana pafu lenye hewa tupu. Kisha kompyuta inapiga hesabu. Mahali ambapo nyama imemeza mwanga mwingi, inaurudisha. Mahali ambapo imemeza kidogo, inarudisha kidogo.

"Kivuli cha nyama kinaondoka," Shibani akasema. "Kivuli cha moyo kinabaki."

Mama mkwe akauliza, bado kwa sauti ya hasira, kama mionzi hiyo haitamchoma Nilufa. Shibani alimjibu kwa heshima kwamba ni kidogo, na kwamba kila saa inapungua yenyewe. Kwa siku hiyo moja tu, Nilufa anywe maji kwa wingi, na asipakate watoto wachanga wala kukaa karibu sana na mwenye mimba. Yeye mwenyewe kama angekuwa na mimba au ananyonyesha, angepaswa kusema kabla ya kudungwa.

Nilufa alikubali kwenda. Hakusema kwamba amemsamehe.

* * *

Walikwenda siku ya Jumanne. Tangu juzi yake Nilufa hakunywa chai, kwa sababu chai huharibu kipimo hicho. Kichwa kilimuuma kwa kuikosa. Alivua mkufu na hirizi ya fedha aliyovaa shingoni, kwa sababu metali nayo humeza mwanga. Alidungwa dawa ya kutanua mishipa ya moyo, damu iende kama ya mtu anayefanya kazi, halafu dawa ya mionzi. Akasubiri. Kisha Shibani akamlaza mezani.

Alimwambia mambo mawili. Mikono ikae juu ya kichwa, na asijisogeze mpaka aambiwe. Aliongeza kwamba asivute pumzi ndefu, apumue kama mtu anayelala.

"Picha ni mbili," akasema, "lakini mwili uwe mmoja. Ukisogea katikati, mashine itapima kantha likiwa mahali pengine. Itarudisha mwanga pasipostahili."

Kamera ikaanza kuzunguka taratibu. Dakika zikapita. Nilufa alitazama dari. Akafikiri kwamba dada yake alilala hivihivi, mikono juu, akitazama dari hiihii. Machozi yakamtoka, yakaingia masikioni. Alijizuia mpaka picha ya kwanza ikaisha. Meza ilipokuwa ikisogea kuelekea kwenye eksirei, alishusha mkono akajifuta uso, akajikohoza, akajirudisha vizuri. Haikuchukua muda. Shibani alikuwa nyuma ya kioo, akiandika. Hakuona.

Picha zilipotokea kwenye kompyuta, daktari wa zamu alikuwa tayari amekaa. Aliitwa Daktari Anwarul. Alikuwa kijana, mwema, na tangu alfajiri hakuwa amekula kitu. Alitazama picha iliyosahihishwa, yaani iliyokwisha kurudishiwa mwanga. Palikuwa na giza upande wa mbele wa moyo, na giza jingine ubavuni. Akavuta fomu aanze kuandika.

Shibani alimwomba asubiri. Akaweka picha ya moyo juu ya picha ya eksirei, kama mtu anavyoweka karatasi nyembamba juu ya ramani. Hazikukaa sawa. Ubavu wa moyo ulikuwa umeangukia mahali ambapo eksirei ilionyesha pafu. Mashine ilidhani pale pana hewa tupu, kwa hiyo haikurudisha mwanga wa kutosha.

"Amesogea," Shibani akasema. "Usahihishaji huu ni wa uongo."

Daktari alikuna kichwa. Alisema labda ni tofauti ndogo tu. Tena kulikuwa na watu kumi na wanne nje.

"Mwaka juzi pia walikuwa nje, daktari."

"Mwaka juzi kulitokea nini?"

Shibani akamweleza kwa maneno machache. Ripoti, neno lililorukwa, karai la maji ya moto. Daktari Anwarul aliweka kalamu chini. Akasema mgonjwa arudishwe mezani.

Nilufa alikuwa ameshavaa shali yake. Alipoitwa tena, alidhani wamekuta jambo baya. Shibani alimweleza ukweli wote: kwamba amesogea, kwamba si kosa lake peke yake, kwamba yeye Shibani alipaswa kuwa anamtazama. Picha ya mwanga iko sawa, inabaki. Eksirei tu ndiyo itarudiwa, nayo haihitaji sindano.

"Nilikuwa nalia," Nilufa akasema.

"Ungeniambia. Tungesubiri umalize kulia."

Safari hii Shibani hakuandika chochote. Alisimama kwenye kioo, macho kwa Nilufa, mpaka ikaisha.

Picha zikawekwa tena moja juu ya nyingine. Zilikaa sawa. Hesabu ikapigwa upya. Giza la ubavuni likaondoka lote. Halikuwa ugonjwa. Lilikuwa kosa la kusogea. Giza la mbele lilipungua ukubwa, maana sehemu yake ilikuwa kivuli cha titi. Lakini halikuondoka. Katikati lilibaki doa, jeusi kama lilivyokuwa. Nyama yote ilikuwa imehesabiwa, na bado pale palikuwa giza.

Shibani na daktari walitazamana. Hakuna aliyehitaji kukisia.

Siku ya pili Nilufa alipigwa picha nyingine, moyo ukiwa umepumzika. Ndani yake lile doa liling'aa tena. Daktari Anwarul alimweleza maana yake. Nyama ya moyo pale haijafa. Ina njaa. Akipumzika inapata damu kidogo ya kuitosha, akifanya kazi haitoshi. Mshipa unaoilisha ni mwembamba mno, na hauwezi kusubiri.

Wiki iliyofuata mshipa ulifunguliwa. Waliingiza waya mwembamba kupitia mkononi mpaka moyoni, wakaacha kijibomba cha waya ndani ili mshipa usijifunge tena. Daktari aliyefanya kazi hiyo alisema mshipa ulikuwa umeziba kiasi cha tisa katika kumi. Mofazzal alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi. Alipoambiwa imekwisha salama, aliinamisha kichwa magotini akakaa hivyo muda mrefu. Watu waliopita walidhani amefiwa.

* * *

Siku chache baadaye Mofazzal alikwenda mwenyewe mlangoni kwa Shibani. Mkononi alikuwa na bahasha ya hospitali. Ndani yake mlikuwa na picha za mkewe.

Alisema amesikia kwamba mashine mpya inaweza kurudisha mwanga uliomezwa. Aliomba picha za Rowshan Ara zitiwe humo. Hakutaka kumshitaki mtu. Alitaka tu kujua kama lile giza lilikuwa la nyama au la moyo.

Shibani alizipokea picha, akazishika bila kuzitoa kwenye bahasha.

"Haiwezekani, kaka."

"Hata kwa mashine mpya?"

"Hata hiyo. Mashine lazima ipime mwili wenyewe, siku ileile, ukiwa umelala vilevile. Wake haukupimwa. Hizi zinaonyesha giza tu. Hazisemi lilitoka wapi."

"Kwa hiyo sitajua."

"Hutajua. Na mimi sitajua."

Mofazzal alichukua bahasha yake. Alikaa kidogo pale mlangoni, kama mtu aliyesahau njia. Kisha akaenda zake.

Katika chumba cha kamera, mambo mawili yalibadilika. Shibani aliyaandika kwa Kibangla, kwa herufi kubwa, akayabandika mahali ambapo kila mfanyakazi atayaona. La kwanza: hakuna picha iliyosahihishwa itakayosomwa kabla ya kuhakikisha kwamba picha mbili zimekaa sawa. La pili: mgonjwa atasomewa ripoti yake yote kwa lugha yake, pamoja na neno huenda. Daktari Anwarul alitia saini chini yake. Mwanzoni wenzao walinung'unika kwamba kazi inachelewa. Katika mwezi wa kwanza walikuta picha tisa ambazo hazikukaa sawa. Baada ya hapo kelele zikapungua.

Nilufa alirudi kwenye nyumba ya hariri baada ya miezi miwili. Anameza dawa zake kila siku, na magunia hayabebi tena. Wakati wa mapumziko, wanawake humuuliza habari za ile kamera. Yeye huwaeleza kwa shali yake na taa ya simu. Huwaambia wasiogope kuuliza maswali matatu: Je, kivuli hiki kimehakikishwa, au kimekisiwa? Je, picha zangu zilikaa sawa? Je, nikiendelea kuumwa, nifanye nini?

Hili la mwisho huwarudishia mara mbili. Huwaambia kwamba mtu akiambiwa ni mzima na mwili wake unakataa, arudi hospitali siku hiyohiyo. Watatu kati yao wameshakwenda. Mmoja alikutwa na mshipa mwembamba, akapewa dawa mapema. Wawili walikuwa na vivuli vya nyama tu, wakarudi nyumbani na ripoti zilizohakikishwa.

Mofazzal hajapiga tena hodi kwa Shibani. Siku ya Idi tambi zilipelekwa, lakini alizipeleka Nilufa. Asubuhi Shibani akipita mbele ya kibanda chake cha riksho kwenda kazini, Mofazzal huinua kichwa, humjibu salamu, kisha huinamia gurudumu lake tena.